Mahramu kwa aendaye Makka, kimya kwa aendaye Muscat

Oktoba 2022, akiwa Cairo, Waziri wa Hija na Umra wa Saudia, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza kwamba mwanamke kutoka nchi yoyote anaweza kwenda Hija au Umra bila mahramu. Kabla ya hapo mwanamke wa chini ya miaka 45 hakupata viza ila awe na mume, au ndugu wa kiume ambaye ni haramu kuoana naye. Aliyevuka umri huo aliruhusiwa kwenda na kikundi, mkononi ana barua ya mahramu wake iliyothibitishwa. Sasa viza inatoka. Swali lililokuwa likimalizwa ubalozini limerudishwa nyumbani: Majengo na Njoro kule Moshi, Ngarenaro na Kaloleni hapa Arusha. Linajadiliwa kwenye darsa za kina mama, kwenye harusi, hata msibani. Na kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyoona kwamba tunamuuliza huyu na kumwacha yule.

Niwape nafasi kwanza wanaokataa, kwa sababu wenzetu wa mjini wamezoea kuwachora kama watu wenye wivu ambao hawakusoma. Wamesoma. Hadithi ya Mtume inayomkataza mwanamke kusafiri bila mahramu imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, tena kwa riwaya zaidi ya moja: ipo inayotaja mwendo wa siku moja na usiku wake, ipo ya siku mbili, ipo ya siku tatu. Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa pwani yetu vizazi kwa vizazi, anasema tofauti hizo zimetokana na tofauti za waulizaji, kwa hiyo mtu asijifiche nyuma ya ufupi wa safari. Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yanashikilia sharti la mahramu hata kwa Hija ya faradhi. Ustadhi akikusomea haya baada ya Alasiri, usimwambie kwamba analeta mila za Waarabu. Analeta vitabu.

Ila huku kwetu wengi ni Mashafi, na Minhaj hilohilo linasema kwamba kwa Hija ya faradhi wanawake waaminifu wanaofuatana wanatosha mahali pa mahramu. Maliki nao wanakubali msafara wa kuaminika. Hawakulitoa hewani. Umar bin Khattab, katika Hija yake ya mwisho, aliwaruhusu wakeze Mtume waende, akawatuma Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf wafuatane nao. Na Adiyy bin Hatim amesimulia, katika Bukhari, kwamba Mtume alimwambia akiishi sana atamwona mwanamke akitoka Hira, huko Iraki, mpaka atufu Kaaba bila kumwogopa yeyote ila Mwenyezi Mungu. Akaishi, akaona. Wanaokataa husema kutabiri jambo si kulihalalisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini maneno yale yalikuja baada ya mtu kufika kulalamikia wanyang'anyi wa njiani. Mazungumzo yalikuwa juu ya usalama wa njia, na usalama ukasifiwa kwa kumtaja mwanamke msafiri. Mimi naegemea huko.

Hata hivyo pana jambo ambalo wapenda ruhusa hulipita kimyakimya. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi inaishia kwenye safari ya faradhi. Umra ya pili, kwenda kumtembelea dada Dubai, kufuata mzigo Istanbul, vyote hivyo havimo. Al-Qaffal, mwanazuoni wa Kishafi, aliipanua ruhusa kwa safari zote. Ibn Hajar, aliyeinukuu kauli hiyo, aliiona ya ajabu, na Ruyani aliyeipenda alikiri kwamba inapingana na matini. Kwa hiyo mtu asikate tiketi ya Uturuki huku akitamba kwamba "sisi Mashafi tunaruhusu." Aseme amefuata kauli ya wachache, au amefuata wanazuoni wa zama hizi wanaosema sababu ya katazo ilikuwa hatari ya njia. Ni msimamo unaoweza kutetewa. Jirani wa Kishia Ithnaasheri hana mzozo huu kabisa: kwa fiqhi, yaani sheria ya dini, ya Jaafari, mwanamke akiwa na amani ya nafsi yake, mahramu si sharti la Hija.

Sasa tutoke kitabuni tuje barabarani. Wanazuoni wanaopima safari ya kufupisha swala kwa kilomita huiweka kwenye themanini na kitu. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Maana yake ni kwamba dada anayepanda Coaster asubuhi stendi ya Moshi kuja kununua mitumba soko la Kilombero yuko ukingoni mwa safari ya kisheria, na anayepanda basi la Dar ameshavuka mbali sana, zaidi ya kilomita 500 njiani, amekaa kiti kimoja na mwanamume asiyemjua. Sijawahi kusikia hotuba ya Ijumaa juu ya basi la Dar. Mwanamke huyohuyo akitaja uwanja wa ndege wa KIA, kila mtu anakuwa mufti.

Atakayejibu atasema ugenini si sawa na nyumbani, na hapo nakubaliana naye. Ugenini lugha inakupiga chenga, polisi humjui, hospitali hujui inaanzia wapi. Lakini hoja hiyo imeshaondoka kwenye masafa, imekuja kwenye usalama, na hapo ndipo nataka tubaki.

Mama mmoja muuza mabaibui wa Mbuyuni, Moshi, amenieleza wanavyokwenda Dubai. Huwa wanne, wote wanafahamiana, wawili wao wajomba zao ni mtu na mdogo wake. Wanalala chumba kimoja Deira, vitanda vimesogezwa vikaungana. Pesa hawamwachii mtu mmoja. Kila mmoja ana kifuko alichokishona kwa ndani ya sketi, na kila usiku zinahesabiwa mbele ya wote. Asubuhi wanazunguka madukani wawili wawili, jioni wanapeleka mizigo kwa mtu wa kago, baada ya Isha hakuna anayetoka. Anayeugua hubaki na mwenzake hata kama siku hiyo ndiyo ya bei nzuri. Nilimuuliza kama wameupata wapi utaratibu huo. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto, akasema, "Sasa mwanangu, utaendaje na watu usiowaamini?" Hajasoma Minhaj, lakini wanawake waaminifu wa Nawawi ndio hao wa chumba cha Deira.

Linganisha na suluhisho tunalolipenda kwenye familia zetu: "Atafuatana na shemeji yake." Shemeji si mahramu. Binamu si mahramu. Hadithi inayowaonya wanawake na ndugu wa mume imetumia neno zito, mauti, na bado ukoo mzima unapumua kwa raha mradi kuna mwanamume kwenye tiketi. Hata nchi za nje mchezo huu umechezwa. Indonesia mawakala wa Umra walikuwa wakitoza ada ya kumpangia mwanamke mahramu wa makaratasi, mtu ambaye hata jina lake la pili halijui. Sharti likigeuka muhuri, halimlindi mtu.

Kuna kisa kingine katika dalili hizihizi ambacho nashangaa hakisomwi kwa sauti ileile. Katika riwaya ya Ibn Abbas, mtu mmoja alisimama akamwambia Mtume kwamba yeye ameandikishwa kwenda vitani na mkewe ametoka kwenda Hija. Akaambiwa aende akahiji na mkewe. Aliyeamrishwa pale ni mwanamume, tena aache jeshi. Leo kwetu hadithi imebaki kumfunga mke, na mume yuko dukani anauza. Mjane wa Usangi amedunduliza fedha za kahawa na za kodi ya vyumba miaka mingi, kapata za mtu mmoja. Kumlipia na mahramu ni kuanza upya kwa mara mbili, na umri haumsubiri. Wanawe wa kiume wapo, wana kazi. Kama kweli wanaamini mama yao asiende bila mahramu, sharti hilo limewaangukia wao kwanza, kwa nauli na kwa ruhusa ya kazini. Atakayesema "asiende" bila kutoa hata nauli ya kutoka Mwanga hadi KIA ajue kwamba ameikata hadithi katikati.

Je, mahramu ana faida gani Makka yenyewe? Anayo, na asibezwe. Msongamano wa Mina wa 24 Septemba 2015 uliua watu wengi mno. Mwaka 2024 Saudia ilitangaza vifo 1,301 kwenye Hija, joto likiwa kali, na kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa watu walioingia bila kibali cha Hija, wametembea juani bila hema wala basi. Mwaka 2018 wanawake wa nchi mbalimbali walijitokeza hadharani kusimulia walivyoshikwashikwa kwenye msongamano wa tawafu. Mkono wa kaka au mwana unaokukinga mgongo pale ni neema. Lakini hema za Mina kwa kawaida hutenga wanaume na wanawake. Usiku mama akishikwa na presha, mwanawe yuko hema lingine. Aliye karibu ni mwanamke wa godoro la pili. Kwa saa nyingi za Hija mahramu hayupo hata akiwepo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kikundi cha safari lingekuwa: kina mama hawa watakuwa na kiongozi wa kike? Anazungumza Kiarabu kidogo? Kibali ni cha Hija kweli, au ni viza ya kutembelea iliyovishwa kanzu?

Watu pia huchanganya sheria ya nchi na fiqhi, na sheria ya raia na ya mgeni. Saudia ilianza 2019 kuwaruhusu wanawake wake wa miaka 21 na zaidi kuchukua pasipoti na kusafiri bila idhini ya walii, yaani mlezi wa kiume, na mwaka huohuo ikaruhusu mwanamke kukodi chumba cha hoteli peke yake. Iran mwanamke aliyeolewa bado anahitaji idhini ya mumewe kupata pasipoti, lakini anayetoka Arusha kwenda ziyara Mashhad hilo halimhusu. Kinachomhusu ni sheria ya hijabu. Afghanistan ndiyo imekwenda mbali kuliko wote: tangu Desemba 2021 Taliban wanadai mahramu kwa safari ya zaidi ya kilomita 72, na Machi 2022 wakawazuia wanawake kupanda ndege bila mahramu. Kwa kipimo hicho, Moshi hadi Arusha usingefika. Kwetu Katiba, Ibara ya 17, inatoa uhuru wa kwenda utakako, na mwanamke mtu mzima haombi sahihi ya mume kuchukua pasipoti. Anayetaka mahramu hapa anamtaka kwa imani yake, na imani hiyo aihukumu kwa haki.

Maana wapo mabinti wengine wanaotoka mkoani humuhumu. Ana miaka 22, kamaliza kidato cha nne, dalali amemtafutia kazi ya ndani Muscat, Oman. Anakwenda peke yake. Hana kikundi cha wanne, hana chumba cha Deira. Anapokewa uwanja wa ndege na mtu asiyemjua, anaingizwa nyumba ya watu asiowajua, viza yake imefungwa kwa mwajiri kwa utaratibu wa kafala, na analala nyumba moja na wanaume wasio mahramu zake kwa miaka miwili. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya Watanzania wa kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa na waajiri, kazi bila mapumziko, mishahara isiyolipwa, kupigwa, kushikwa kwa nguvu. Wengine wamerudi salama wakajenga. Hao tunawaona na tunawasifu. Lakini ukichukua masharti yote ya mahramu na sababu zote zilizotajwa na wanazuoni, hakuna safari yenye kuyavunja kama hii. Na ndiyo safari inayoagwa kwa dua, sheikh yupo, na hakuna aliyeuliza kitu.

Nadhani najua kwa nini. Mjane wa Umra anatumia fedha, binti wa Muscat analeta. Ningelazimishwa kuzuia safari moja kati ya hizo tatu, ya mjane, ya wenye mabaibui na ya binti, ningezuia ya tatu, angalau mpaka mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wazazi, njia ipitie TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na si mfukoni kwa dalali, ubalozi wetu Muscat ujue amefikia nyumba gani, na awepo Mtanzania mmoja kule, mwanamke, mwenye namba yake na atakayempigia kila wiki. Baba yake atanikabili kwa swali moja tu, kwamba nikishamzuia, mshahara wa Muscat atautoa wapi hapa Moshi. Hilo sheikh hajalijibu, na mimi pia sijalijibu.