Kuzoea Jua Siyo Kuzoea Pwani

Jumamosi iliyopita nilikuwa stesheni ya SGR, treni ya umeme, hapa Dodoma, nimemsindikiza mgeni. Mbele yetu alisimama mzee wa umri wa babu yangu, amevaa sweta na koti juu yake. Vijana wake wanahangaika na mizigo: madumu mawili ya mafuta ya alizeti, karanga, kiroba cha ubuyu. Nikawauliza kama mzee ana maji ya kunywa njiani. Mmoja akacheka: "Huyu ni mtu wa Bahi, kaka. Amezoea jua. Dar itamfanya nini?"

Nimerudi nyumbani moyo haujatulia, kwa sababu maneno hayo nayajua. Tuliyasema sisi wenyewe, Desemba ya mwaka juzi, tulipompeleka mama mkubwa Dar kwenye harusi ya mjukuu wake.

Mama mkubwa kazaliwa Kongwa, huku huku Dodoma, kalima mtama Kongwa. Jua la Oktoba, lile la kabla ya mvua, anainama nalo shambani tangu akiwa msichana. Nani angemfundisha joto? Tukamfungashia vitenge vyake vizito, gagulo, sweta ya jioni, na zawadi za ukoo mzima. Siku ya tatu, saa nane mchana, alianguka chini ya turubai mbele ya wageni. Midomo imekauka, anaita watu majina ya marehemu. Alilazwa, akawekewa dripu. Tulikaa kwenye benchi la nje mpaka usiku bila kujua kama tutarudi naye Kongwa.

Kila nyumba ya kwetu imewahi kuwa na mtungi, basi nielezee kwa mtungi. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu mtungi wenyewe unatoka jasho. Maji yanapenya kwenye udongo mpaka nje, hewa kavu inayachukua, na yakiondoka yanaondoka na joto. Mwili wa binadamu unapoa vivyo hivyo. Huku juu, mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu kiasi kwamba unatembea mchana kutwa na shati halilowi. Jasho linatoka, ila linakauka kabla hujaliona. Sasa uchukue mtungi huohuo uupeleke Temeke, Dar, kaskazi inapovuma na hewa imejaa unyevu. Utalowa nje, utachuruzika, na maji ya ndani yatabaki vuguvugu. Ndicho kilichompata mama mkubwa. Alichuruzika tangu asubuhi na jasho lile halikumpoza. Lilimkausha tu.

Kipimajoto hakikuambii hayo. Dodoma ya Novemba na Dar ya Februari zote zinapita nyuzi 30 mchana, ukitazama namba utasema ni mamoja. Lakini Dodoma ukifika usiku unatafuta shuka, mwili unapumzika. Dar ya miezi hiyo usiku nao ni joto, unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kwa mtu wa miaka sabini na kitu, siku tatu za namna hiyo ni nyingi.

Halafu kuna hii safari yenyewe. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, sina la kuilaumu, nimeipanda na nitaipanda tena. Ila zamani basi lilikuchukua kutwa: Kibaigwa, Gairo, Morogoro, na ukifika Chalinze ulishaanza kufungua vifungo. Leo unakaa kwenye kiyoyozi saa tatu na ushee, mlango unafunguliwa, unapigwa na Dar usoni. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kulizoea joto jipya. Sisi tunampeleka mzazi Ijumaa, Jumamosi tunamsimamisha juani kupiga picha na maharusi.

Kwenye maji ndipo ninapoumia zaidi. Daktari alituuliza, "Mama amekunywa maji kiasi gani leo?" Tukatazamana. Kumbe mama mkubwa alikuwa hanywi kwa makusudi. Nyumba aliyofikia ina watu kumi na moja na choo kimoja cha uani, naye akaona aibu kuomba kupishwa kila saa. Isitoshe anameza kidonge cha presha kinachompeleka haja ndogo mara kwa mara, kwa hiyo maji yalikuwa yanatoka pande zote na haiingii hata glasi. Hakuna aliyemuuliza. Sisi tuliosoma, tuliopanga kamati ya harusi na bajeti ya keki, hakuna hata mmoja aliyekaa naye akamwambia, "Mama, kunywa, choo nitakupeleka mimi." Wazee kiu hawaisikii kama sisi, na hata wakiisikia wengi wataificha wasisumbue watu. Usisubiri waombe.

Nguo nazo. Vitenge vingi vinavyouzwa siku hizi vina poliesta au nailoni, vinang'aa vizuri lakini mwilini ni kama mfuko wa plastiki. Akina mama pale Soko la Majengo wanajua kupima: chomoa uzi mmoja, uwashe. Pamba inabaki jivu laini, poliesta na nailoni zinayeyuka zinakuwa kijidonge kigumu. Mfungashie khanga za pamba na madera mepesi, sweta ibaki Kongwa. Na nyie wanakamati mnaochagua satini kuwa sare ya harusi ya Desemba pwani, waonyesheni huruma mabibi zenu.

Chandarua kiwemo begini, malaria ya pwani siyo hii yetu ya nadra. Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ziwemo. Vidonge vya presha asiache mwenyewe, apitie kliniki kabla ya safari aulize. Mwenye insulini, ile sindano ya kisukari, anayeitunza mtungini ikae baridi, asitegemee mtungi akifika kule, mtungi nimeshaueleza.

Najua mtaniambia kwenda mikono mitupu ni aibu. Sawa, nakubali, mgeni njoo mwenyeji apone, na ndugu zetu wa Dar wanausubiri ubuyu mwaka mzima. Lakini nimeona begi la mzazi lina kilo kumi na tano za watu wengine, na yake mwenyewe ni khanga mbili na Biblia.

Mwaka huu mama mkubwa anakwenda tena. Mjukuu amejifungua, na hakuna wa kumzuia bibi asimpakate kitukuu. Nilimpigia kumwambia nimemkatia tiketi ya treni ya jioni, tufike jua limeshazama, na kwamba nimeongea na wenyeji, atalala chumba cha jirani na choo. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na ubuyu, mwanangu?"

Nimemwambia ubuyu nitaubeba mimi. Yeye atabeba chupa yake ya maji.