Daktari wa mawingu

Jumamosi, kwenye kikao cha harusi Kirumba, ulimi uliniponza nikasema nimepata nafasi ya kusomea uzamivu wa sayansi ya angahewa. Mjomba akaweka soda yake mezani. “Miaka minne unasomea mawingu? Kwani mvua ya Mwanza inasubiri cheti chako?” Ukumbi mzima kicheko. Na mimi nikacheka, kinafiki.

Sasa Mjomba, shikamoo. Nakujibu hapa ambapo huwezi kunikatisha.

Wewe umekulia Igombe, kando ya Ziwa Victoria. Unajua dagaa huvuliwa gizani, mwezi usipokuwepo, taa zimetapakaa ziwani utadhani kuna mji mwingine kule. Na saa hizohizo ndipo ziwa linapopika radi: nchi kavu imeshapoa, maji bado yana joto, upepo unatoka kila upande kwenda kukutana katikati, hewa haina pa kwenda ila juu. Alfajiri wingu limeiva, na chini yake kuna mtumbwi wa mbao na vijana wanne. Umewazika wangapi, Mjomba?

Swali ni usiku upi, na upande upi, wa Ukerewe au wa Musoma. Modeli nyingi za tabianchi za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazoigiza hali ya hewa, hugawa ramani kwa miraba ya kilomita 100 hivi kila upande, kwa hiyo ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 linageuka viraka vichache tu. Rada tunayo hapahapa Mwanza, sawa. Lakini rada inakuonyesha wingu ambalo tayari lipo. Kulijua jioni, kabla mtu hajasukuma mtumbwi, kunataka mtu akae na data mpaka macho yaume. Mtu wa kwetu, ikiwezekana.

Haya, wavuvi wanaisoma anga kuliko mimi, hilo nakubali shingo upande. Mzee mmoja wa Kayenze alitazama umeme wa mbali akasema leo hatutoki, wakati simu yangu inaonyesha nyota tupu. Saa tisa usiku mabati yalikuwa yanalia.

Posho ni ndogo. Ajira baadaye? Usiniulize kabla sijala.

Ila kwenye kikao kile kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa ambaye hakucheka. Tulipotoka nje akanivuta pembeni. Wiki iliyopita mvua ilimkuta dagaa wake wakiwa mchangani, akaishia kumuuzia mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. “Mwanangu, kesho nianike?”

Nikafungua simu, nikaifunga. Nikamwambia sijui.