Hakuna hina nyeusi, acheni kutudanganya

Mfunguo mosi umeingia, kadi za harusi zinamiminika kwenye simu, na tangazo lile lile limerudi: "Hina nyeusi, asilia 100%, inakolea kwa dakika 30." Asilia ya mti gani? Majani ya mhina yana rangi moja tu, ya machungwa inayokomaa ikawa kahawia yenye wekundu. Uyasage, uyaloweke, uyasomee dua, weusi ti hautoki.

Weusi ule ni wa piko. Na piko ni rangi ya nywele, ndugu moja na kanta wanayopaka wazee wetu kuficha mvi. Kinachoifanya nyeusi ni kemikali iitwayo PPD. Ulaya sheria inataka isizidi 2% kwenye rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na kwenye ngozi hairuhusiwi hata kidogo. Marekani nayo hairuhusu ipakwe ngozini. Hina nyeusi za mitaani zimewahi kupimwa zikakutwa zimepita 10%. Kwetu kipimo ni jicho la fundi: ikionekana hafifu, anatia unga mwingine.

Halafu inakuja ile hoja ya kila ukumbi: "Mbona tumepakwa tangu utotoni na hatujadhurika?" Sawa, tuijibu taratibu, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. PPD haiunguzi kama asidi. Inaufundisha mwili kuichukia. Mara ya kwanza, hata ya tano, unaweza usione kitu, huku kinga ya mwili inaisoma kimyakimya. Ikishaisoma, mpako unaofuata ndio wa kilio: siku moja hadi tatu mkono unawasha, unavimba, na malengelenge yanatoka juu ya mistari yenyewe, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, ua zima limeinuka kwa usaha na maji. Likipona linaacha alama nyeupe au nyeusi kwa miezi, na mwenye ngozi ya makovu linamwachia kovu. Kwa hiyo kupakwa miaka yote bila kudhurika si kinga. Ni foleni.

Na kwa nini fundi anaapa kwamba hajawahi kumuumiza mtu? Kwa sababu haoni. Aliyepakwa kwa mara ya kwanza anaweza kuumuka baada ya wiki moja au mbili. Mtalii aliyechorwa ufukweni Nungwi wakati huo yuko kwao anahangaika na daktari wa ngozi. Bibi harusi yuko fungate, na lawama ameangushiwa pweza.

Ukishadhurika, mzio huo ni wa maisha. Siku ukitaka kuficha mvi, kanta itakuvimbisha uso mpaka macho yafumbe. Baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, zile zenye benzokaini, zinaweza kukuletea yale yale, kwa hiyo mwambie daktari mapema. Na lile shauri la "jaribu kidogo nyuma ya sikio" lisikutulize: kwa anayepakwa mara ya kwanza halionyeshi kitu, na tone hilo hilo laweza kuwa ndilo linaloufundisha mwili.

Nikubali moja, kwa shingo upande. Kwenye ngozi yetu nyeusi hina ya kweli haionekani sana mgongoni mwa mkono, na mistari ya piko inakaa kali hata kwenye picha. Ndiyo maana watu wanaifuata. Haki yenu kuitaka, lakini iiteni jina lake, na msimpake mtoto. Hina yenyewe pia haina utakatifu: kichanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo adimu pwani yetu ya malaria, anaweza kupasuka chembe za damu kwa kupakwa hina safi. Kiganja cha mtoto mchanga kiacheni.

Kuitambua ya kweli hakuhitaji maabara. Uji wake ni wa kijani kibichi kinachoelekea udongo, unanuka majani makavu, unataka saa nyingi, na ukibandua unaona rangi ya machungwa. Uji mweusi unaokolea kabla chai haijapoa si hina. Koni ya dukani iliyokaa rafuni miezi sita nayo ni mashaka matupu, maana uji wa hina ukiachwa kwenye joto la kawaida hufa rangi baada ya siku chache.

Mnataka ikolee? Chekecha gramu 100 za unga mbichi kwa kitambaa chepesi, maana chembe moja inaziba koni nzima. Tia maji ya limau kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama mtindi, kisha vijiko viwili vya chakula vya sukari, ili usipukutike ukikauka, na viwili vya mafuta ya mkaratusi au lavenda, ambayo ndiyo yanayoisukuma rangi. Funika kwa muda wa saa 8 hadi 12. Ukizidisha, rangi inachoka; ukimaliza mapema, weka friza. Ukae mkononi saa 6 au zaidi. Kisha ukwangue, usiuoshe, na maji yasiguse mpaka kesho yake. Wanaotia petroli wanajiunguza ngozi bure.

Mengine kwa haraka. Kunyoa hakufanyi nywele zirudi nene, ni ncha tu iliyokatwa butu. Dawa ya meno juu ya chunusi inakausha ngozi na kuiunguza. Ndimu usoni kisha jua la saa saba ni njia ya uhakika ya kupata malengelenge na madoa meusi. Na kukata ncha za nywele hakuzikuzi, zinaota kutoka kichwani.

Kwa maharusi wa Jumamosi: pakweni Alhamisi, viganjani na nyayoni, ambako ngozi ni nene na hina hukolea kuliko popote. Ijumaa itaonekana ya machungwa na shangazi watalalamika. Waacheni, rangi inafika kileleni baada ya saa 48.