Rangi Mpya Karakana, Multimita Kabatini

Wakaguzi walipokuwa njiani kuja chuoni kwetu Kisumu, sisi wanafunzi tulijua kwa harufu ya rangi. Karakana ya umeme ilipakwa upya, sakafu ikapigwa deki, na multimita (vifaa vya kupimia umeme) tulizokuwa tukizichora ubaoni tu zikatolewa kabatini zikiwa bado ndani ya nailoni. Siku hiyo kila mmoja wetu alishika yake. Kesho yake zilirudishwa, kufuli likafungwa. Nilipata diploma ya umeme nikiwa nimeshika kile kifaa mara moja tu.

Leo mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Minnesota, Marekani, na mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha kutathmini programu yetu ya umeme. Kazi hiyo hufanywa kila baada ya miaka mitano. Kwanza idara hujikagua yenyewe na kuandika: wangapi walijiunga, wangapi walimaliza, wangapi waliacha na waliacha wakiwa somo gani, waliohitimu wako wapi. Kisha huja mwalimu wa chuo kingine, pamoja na waajiri. Juu ya yote iko Higher Learning Commission yenye makao Chicago, shirika linalovipa vyuo ithibati, yaani kibali cha ubora. Hiyo hukikagua chuo kizima kila miaka 10 kabla ya kukithibitishia ithibati, na hutaka kuona kwamba chuo kinazipima programu zake chenyewe bila kusukumwa.

Siku ya kikao, mama mmoja mwenye kampuni ya kufunga mitambo alifungua daftari lake akasema, "Vijana wenu wanafunga waya vizuri. Mchoro hawajui kusoma." Hakuna aliyenuna. Mkuu wa idara aliandika. Muhula uliofuata somo la michoro liliongezewa saa mbili kwa wiki, na mbao za mazoezi niliziandaa mimi kwa mikono yangu.

Sisemi huku ni peponi. Tathmini hiyohiyo hufunga kozi wanafunzi wakipungua. Nilimwona mwalimu wa lugha akipakia vitabu vyake kwenye maboksi, na iliniuma, maana hesabu ya vichwa haikuonyesha alichowapa wale wachache aliokuwa nao.

Wala kwetu hatujakosa sheria. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilileta Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ile ya TVET, yaani elimu na mafunzo ya ufundi, ya 2013 ikaleta mamlaka ya kusajili na kukagua vyuo vya ufundi, na siku hizi mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi apimwe kwa kazi anayoweza kuifanya. Nayaunga mkono hayo yote. Kinachonikera ni kwamba tathmini tumeifanya ugeni: tunafagia ua, tunachinja kuku, mgeni akiondoka tunashusha pumzi. Lakini fundi wa Kibuye aliyepokea vijana wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mwaka baada ya mwaka anajua mengi kuliko atakayoyaona mkaguzi kwa siku moja. Anajua nani alikuja akiogopa kugusa mota, na alitoka chuo gani. Fomu yake hugongwa muhuri, ikatupwa kwenye faili. Nani aliwahi kuketi naye akamuuliza ni kitu gani hatufundishi?

Mwezi uliopita niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la darasa letu kama kuna aliyewahi kutafutwa na chuo tangu tumalize. Hakuna hata mmoja. Mmoja wetu anauza vipuri Kondele, mwingine anasuka mota Kakamega kwa ujuzi aliofunzwa na mjomba wake. Wote wana la kusema kuhusu kozi ile, na wengine waliliandika usiku uleule, ujumbe mrefu mrefu.

Kwa ruhusa yao nimekusanya majina, namba za simu na maoni hayo, nikamtumia mkuu wa idara wa sasa. Nimemwambia vocha ya kupigia simu nitalipa mimi. Nangoja jibu lake.