Kabla ya projekta, tuleteeni spika

Shule ya sekondari yenye somo la Kifaransa ikipata fedha za vifaa, kitu cha kwanza kununua kiwe spika nzuri. Projekta isubiri, kompyuta zisubiri. Nasema hivi nikiwa mwanachuo wa ualimu niliyetoka TP (mazoezi ya kufundisha) juzijuzi, ambako nilifundisha Kidato cha Kwanza na cha Pili, na msimamo huu umewashangaza wenzangu. Ikitajwa teknolojia ya elimu, wengi wetu tunawaza kioo: slaidi, video, vibonzo vinavyocheza. Lakini mtoto anayejifunza Kifaransa Dodoma au Mbeya hakosi picha. Anakosa sauti. Anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumsikia mzungumzaji wa Kifaransa mwingine zaidi ya mwalimu wake, na mwalimu mwenyewe huenda alijifunzia hapahapa nyumbani.

Kiingereza, pamoja na shida zake zote, kiko hewani. Mtoto anakisikia kwenye mpira, kwenye filamu, kwenye matangazo ya simu. Kifaransa kinaingia darasani kupitia kitabu, na maandishi ya Kifaransa yanaficha sauti. Sisi tumelelewa na lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, yenye irabu tano zisizobadilika. Kwa hiyo mwanafunzi anapokutana na "ils parlent", anaitamka yote mpaka t ya mwisho, na simlaumu hata kidogo, maana ndivyo alivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza. Unaweza kumwandikia kanuni ubaoni, akainakili, akaikariri, na kesho akaitamka t ileile. Asikie kwanza neno lenyewe likitoka kwenye vinywa tofauti, tena na tena, ndipo kanuni itakuwa na kitu cha kushika.

Chukua somo la saa, ambalo lipo kwenye muhtasari na kila mwalimu hulipitia. "Il est deux heures" na "il est douze heures" kwenye karatasi hazichanganyiki. Masikioni ni kazi. Ile x ya "deux" kwa kawaida haitamkwi, lakini ikikutana na "heures", ambayo h yake nayo haisikiki, inageuka z. Matokeo yake sentensi zote mbili zinaishia na "zer", na tofauti nzima inabaki kwenye irabu moja fupi. Niliwachezea sauti, kila mmoja akaandika kwenye daftari saa aliyoisikia. Darasa likagawanyika. Sikusema nani kapatia, nikarudia, nikapunguza kasi, nikarudia tena, na binti mmoja wa dawati la mbele akalalamika, "Madame, si ni ileile!" Mwenzake akamgeukia akamwambia asikilize midomo. Alimaanisha kwamba unaweza kusikia midomo inavyobana kwenye "deux" na inavyochongoka kwenye "douze", na alikuwa sahihi kabisa. Hakuna slaidi ingenipa dakika ile. Ongeza kwamba "deux heures" kwetu ni saa nane na "douze heures" ni saa sita, uone kazi anayoifanya mtoto huyo kichwani kabla hajaandika kitu.

Vifaa vyenyewe vilikuwa simu yangu, faili za sauti nilizopakua usiku bando likiwa rahisi, na spika ndogo ya bluetooth ya mwalimu wa michezo. Umeme ukikatika, somo linaendelea. Na simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo mjadala wote wa kila mwanafunzi na programu yake mkononi, ambao tunausoma sana chuoni, kwetu unaishia getini. Mimi nauheshimu utaratibu huo. Nataka tu tukubali kwamba kifaa cha kidijitali katika shule zetu nyingi ni kimoja, kiko mfukoni mwa mwalimu, na tuanze kufikiri kutokea hapo.

Simu hiyohiyo inarekodi, na hapo ndipo nilipopata faida kubwa kuliko zote. Kifaransa kina sauti ya u ambayo sisi hatuna, ile ya "sur", inayotofautiana na ya "sous". "Le livre est sur la table", kitabu kiko juu ya meza. "Le livre est sous la table", kiko chini. Ile r ya mwisho wa "sur" ni nyepesi, na mtoto akitamka zote kwa u yetu, anayemsikiliza hajui aangalie wapi. Njia ya kuipata sauti hiyo ni rahisi kuieleza: sema i ya Kiswahili, uache ulimi palepale, kisha chongoa midomo kama unayesema u. Kueleza ni jambo moja. Niliweka kitabu juu ya meza, kingine chini, nikawaita watano watano mbele, kila mmoja akachagua kimya kitabu kimoja na kusema sentensi yake kwenye simu. Tukaicheza kwa spika. Darasa zima likanyoosha vidole kuelekea juu au chini kadiri walivyosikia.

Mvulana mmoja darasa lilimwelekezea chini, naye alikusudia juu. Akaomba arudie. Akaombwa na wenzake arudie tena. Alijisikia kwa mara ya kwanza kama wengine wanavyomsikia, na sura yake ikabadilika, maana sauti unayoisikia ukiwa ndani ya kichwa chako haiko sawa na inayotoka nje. Mwalimu anaweza kumsahihisha mtoto muhula mzima asifikie pale palipofikiwa na rekodi ile fupi. Jioni, baada ya vipindi, kikundi chao kilinifuata ofisini kuomba kurekodi tena.

Sasa nije kwenye programu za kujifunzia, zile za kupakua, kwa sababu nimezitumia mwenyewe na baadhi zimenisaidia. Kasoro yake kwa wanafunzi wetu si ubora. Karibu zote nilizozifungua zilinipitisha kwenye Kiingereza. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili ndiyo kwanza anapambana na Kiingereza cha Biolojia na Jiografia. Ukimwambia aende Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, umempa mizigo miwili. Na kuna jambo nililiona ambalo walimu wa somo hili wanalijua lakini halisemwi vya kutosha: kipindi cha Kifaransa ni miongoni mwa vichache ambamo mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili na aliyetoka "English medium" mara nyingi wanaanza wote sifuri. Niliwaona watoto ambao hawanyanyui mkono kwenye masomo mengine wakinyanyua kwangu. Ukiingiza Kiingereza katikati, ule usawa umeuvunja kwa mikono yako.

Halafu Kiswahili kinajua mambo ambayo programu hizo hazijui kwamba mwanafunzi anayajua. Kozi iliyoandikwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza hutumia nguvu nyingi kumzoesha kwamba nomino inaweza kuburuta maneno mengine nyuma yake. Mtoto wetu amezaliwa nalo hilo. Anasema "kiti kidogo kimeanguka", "viti vidogo vimeanguka", bila kufikiri. Mwandikie chini yake "la petite chaise est tombée", mwonyeshe e inavyotokea kwenye kivumishi ikatokea tena kwenye kitenzi, na atakuambia mwenyewe kwamba hizo ni ngeli. Zinatofautiana na zetu, ndiyo, ni mbili tu na hazifuati umoja na wingi kama zetu, lakini mlango umeshafunguka. Natamani kuona masomo ya Kifaransa ya kidijitali yanayoanzia hapo. Wa kuyatengeneza ni sisi, kwa sababu kampuni iliyoko mbali haina sababu ya kujua kiti kinafanya nini kwa kivumishi chake.

Kuhusu sauti za kuanzia, zipo za bure na ni nzuri. TV5MONDE, televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, ina mtandaoni mazoezi ya kusikiliza kuanzia ngazi ya A1, ya wanaoanza kabisa, hadi B2, ya waliokwishapiga hatua. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ina taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi, pamoja na maandishi yake. Chepesi hicho bado ni kizito kwa Kidato cha Kwanza, lakini ukikata sekunde kumi zenye majina ya nchi na tarehe, darasa linapata kitu cha kuwinda. Kwa wanafunzi wa mchepuo wa KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa) ningefanya zaidi: RFI hutangaza pia kwa Kiswahili, tangu 2010, na matukio makubwa ya siku husomwa kwa lugha zote mbili. Msikilize habari kwa Kiswahili, mjadiliane kidogo, kisha mfungue ya Kifaransa. Mwanafunzi anayejua kilichotokea husikia maneno ambayo dakika chache kabla yangempita.

Lakini kuna sauti za karibu zaidi, na nashangaa jinsi mafunzo yetu yanavyozipita. Shirika la Kimataifa la La Francophonie, la nchi zinazotumia Kifaransa, lilihesabu mwaka 2022 wazungumzaji wa Kifaransa milioni 321, na sehemu kubwa yao wako Afrika. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia 2022. Mizigo ya Kongo inapita bandari ya Dar es Salaam na malori yake yanapanga foleni Tunduma. Lubumbashi, Bukavu na Goma kuna watu wanaoamka na Kiswahili na kufanya kazi za ofisi kwa Kifaransa. Kama kuna walimu wa matamshi waliotengenezwa kwa ajili yetu, ni hao.

Nilimwomba mfanyabiashara mmoja kutoka Lubumbashi, aliyekuja Kariakoo kununua vitenge, anisomee bei kwa Kifaransa kwenye simu. Alisoma kwa utulivu, akicheka kidogo, na darasa lilimpenda mara moja. Alipofika sabini akasema "septante", tisini akasema "nonante", kama wanavyosema Kongo, Burundi, Rwanda na Ubelgiji. Kitabu chetu kinafuata Ufaransa: sabini ni "soixante-dix", sitini na kumi, na tisini ni "quatre-vingt-dix", ishirini mara nne na kumi. Wanafunzi walitaka kujua kwa nini hawakuambiwa mapema kwamba kuna njia fupi. Nafundisha zote. Ile ya kitabu kwa sababu ndiyo inayotawala vitabu na mitihani, na ya Lubumbashi kwa sababu jirani wa mtoto huyu, yule atakayefanya naye biashara kweli, atamtajia bei kwa namna hiyo. Kozi za mtandaoni nilizotumia mimi hazikunifundisha hesabu ya majirani zangu, na kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko ukosefu wa vibonzo.

Akili mnemba nitaigusa kwa ufupi. Chuoni insha za Kifaransa zinazidi kunyooka, na wenye insha hizo wakiulizwa swali la ana kwa ana wanajibu kwa Kiswahili. Mimi naitumia kuandaa somo: naiomba mazungumzo mafupi ya sokoni kwa maneno ambayo darasa limeshayapata, nayahakiki neno kwa neno, kisha namtafuta binadamu wa kuyasoma. Mtu anayejiandaa kusimama mbele ya watoto akaiachia mashine imwandikie, anawanyima watoto hao sauti pekee ya Kifaransa waliyo nayo kwa hakika. Hilo linanigusa sana, na nimelisema waziwazi kwa wenzangu.

Chuo kimetufundisha kutengeneza slaidi, na mhadhiri aliyekuja kunikagua aliandika kwamba somo langu lilikuwa na zana chache za kuonekana. Nilimweleza, akasikiliza, akabaki kusubiri mpaka kipindi cha kurekodi, na baada ya hapo tukazungumza muda mrefu. Ningependa kozi yetu ya teknolojia ya elimu iwe na wiki kadhaa za sauti: jinsi ya kukata kipande, kupunguza kasi bila kuiharibu, kuchagua msomaji, kumpanga mwanafunzi na maikrofoni, na kusikiliza rekodi ya darasa kama daktari anavyosikiliza kifua. Pia tupimwe matamshi yetu wenyewe kwa kurekodiwa, kila mwaka, kabla hatujapelekwa TP.

Wakati tunasubiri, kuna la kufanya. Wenzangu mlioko Kigoma, Tunduma, Bujumbura na kwingineko ambako Kifaransa na Kiswahili vinakaa nyumba moja, rekodini. Mwombeni mtu ruhusa na mwambieni sauti yake inakwenda darasani. Kaeni chumba kilichofungwa, simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, kila faili sekunde kumi au kumi na tano. Anzeni na salamu, namba, saa na bei. Kisha mtu aelekeze njia ya kwenda stendi, aagize chakula, amwite mtoto ndani. Msimwambie asome polepole kuliko kawaida yake. Wawepo wanawake na wanaume, wazee na vijana. Andikeni pembeni yaliyosemwa, pamoja na mji wa msemaji, na faili ziwe ndogo kiasi cha kupita WhatsApp hata kwa mwalimu mwenye bando la siku moja.