Madesa hayatakuvusha mtihani wa leseni

Mtihani wa leseni ukikaribia, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uuguzi hufurika madesa, yaani maswali ya mitihani ya nyuma na majibu yake. Maswali yamepigwa picha kwa simu, nusu hayasomeki, na majibu yamezungushiwa duara na mtu ambaye hakuna anayemjua. Wapo hata wanaoyauza. Maoni yangu ni kwamba wengi wanaokesha nayo wanajiandaa kwa mtihani ambao hawataukuta.

Maswali ya nyuma siyapingi. Yanakuzoesha namna swali linavyoulizwa, basi. Ila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga maana yake ni kwamba zamu ya usiku unaweza kuachiwa wodi na wagonjwa wakaamka salama. Kinachohitajika kwa hilo si kingi, lakini lazima kikukae: njia ya hewa kwanza, kupima kabla ya kutenda, hesabu za dawa, kuzuia maambukizi, na kujua wakati wa kumwita daktari.

Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Kila aliyesomea ukunga anaiimba dozi yake: gramu 4 polepole kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Safi. Sasa mama wa kifafa cha mimba, saa ya dozi imefika, anapumua mara 12 kwa dakika, ukimgonga goti mguu hautikisiki, na tangu dozi iliyopita mfuko wa mkojo umeingiza mililita 80 tu. Aliyekariri dozi anachoma sindano kwa sababu muda umetimia. Anayeijua kazi anajua dawa hii ikizidi mwilini ni sumu, na anaona yote matatu yamekataa: pumzi zilitakiwa zisipungue 16, goti liitikie, mkojo ufike walau mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa 4. Dozi inasimama. Daktari anaitwa, kalsiamu glukonati gramu 1, dawa ya kuipinga magnesiamu, inaandaliwa, na ambu, mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa mkono, inakaa karibu na kichwa cha mama, maana pumzi zikikata hakuna muda wa kuitafuta kabatini.

Hizo pumzi ndizo tunazozidharau kuliko kipimo kingine chochote. Fungua chati za wodi nyingi, tazama safu ya upumuaji: 20, 20, 20, kana kwamba wagonjwa wote wamekaa kikao wakakubaliana. Mwanafunzi anaokota uvivu huu kwa sisi tuliomtangulia, kisha tunamshangaa akikwama kwenye swali la mama mwenye pumzi 12. Kuhesabu kunataka saa yenye mshale wa sekunde na dakika nzima. Endelea kumshika mgonjwa kifundo cha mkono kama vile bado unapima mapigo, ukihesabu kifua kinavyopanda. Akijua unahesabu pumzi zake, atazibadilisha.

Hesabu za dripu nazo zinaogopwa bure. Lita 1 iishe kwa saa 8, mpira wa dripu ukiwa wa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Ni hesabu ya shule ya msingi. Wanaokosa ni wale wanaosahau kugeuza saa kuwa dakika, au wanaodhani kila mpira ni wa 20 wakati paketi imeandikwa 15, au 60 kwa ule wa watoto. Fanya chache kila siku kwa kalamu, simu ikiwa mbali.

Jambo la mwisho linawahusu wanunuzi wa madesa. Vitini vingi bado vinasema uchungu kamili huanza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, kama patografu ya zamani, chati ya kufuatilia uchungu, ilivyochorwa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema 5, na fomu yake mpya ya kufuatilia uchungu, iliyotoka 2020, inaanzia hapo. Kabla hujajaza jibu kichwani, nenda wodi ya wazazi, muulize dada au kaka wa zamu wanatumia fomu ipi, na uombe uijaze moja akiwa anakutazama.