Vya kale vya wenzetu ni mapambo, vya kwetu ni ushamba

Jirani yangu ameweka pasi ya mkaa dirishani. Ameifungua kifuniko, ndani ametia udongo, na kwenye udongo amepanda yale maua madogo ya njano yanayojaa madukani huku Dalarna, Uswidi, Pasaka ikikaribia. Haina jogoo kwenye kifungio kama ya kwetu, lakini matundu ya pembeni ni yaleyale na uzito ni uleule, niliomba niinyanyue. Akaniuliza kama nimewahi kuona kitu cha namna hii. Mimi! Niliyesoma Iringa na shati jeupe lenye tundu la cheche mgongoni.

Nje theluji bado ipo, lakini ndani ya nyumba za huku vijijini mwa Uswidi majira ya machipuko yameshatangazwa. Mapazia mekundu ya Krismasi yako kabatini, yamepachikwa mepesi ya njano. Watu wamekata matawi makavu msituni, wakayatia kwenye mtungi wa maji na kuyafunga manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi: zambarau, kijani, machungwa. Ndiyo, manyoya ya kuku. Yale ambayo kwetu siku kama hiyo yanafukiwa shimoni nyuma ya jiko, huku yanauzwa kwa vifurushi. Lakini matawi yenyewe baada ya muda yanatoa majani mabichi pale pale mezani, na hapo nakubali kwamba wameshinda.

Nyumba ya jirani ni ya mbao, imepakwa ile rangi nyekundu ya Falun, mji wa machimbo wa hukuhuku. Machimbo ya shaba ya Falun yalifungwa mwaka 1992, ila rangi bado inatengenezwa kwa mabaki ya mgodi, na katika mapishi yake kuna unga, unakorogwa motoni kama uji. Ukipita mashambani huku utadhani serikali imepiga marufuku rangi nyingine. Ndani, kabati la bluu limebanduka rangi pembeni na hataki kulipaka upya. Birika la bati lenye madoa meusi ya kubanduka limekuwa chombo cha maua. Chini kuna mazulia marefu yaliyofumwa kwa vipande vya nguo chakavu, mashati na mashuka ya watu waliokwisha kufa. Ukutani kuna kitambaa kilichotariziwa methali ya kusifu nyumba ya mtu mwenyewe.

Hicho kitambaa ndicho kilichoniudhi. Sebuleni kwa mama yangu kilikuwepo chake. Uzi mwekundu, tausi wawili wanatazamana, katikati KARIBU MGENI. Kochi lilikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, mgongoni na kwenye mikono, redio ilikuwa na chake, hata thermos ya chai ilivaa. Mama alivifuma jioni baada ya shamba, kwa taa ya chemli, akavitia wanga vikakakamaa. Usiombe umwage chai juu yake.

Viko wapi leo? Kwenye mfuko wa salfeti, stoo kwa mdogo wangu, Dar. Sebule yake mwenyewe mnaijua bila kuingia: kochi kubwa linalokula chumba kizima, meza ya kioo, maua ya plastiki yenye vumbi, pazia zito la rangi ya dhahabu linalong'aa utadhani ukumbi wa harusi. Kigoda cha bibi, kilichochongwa kwenye gogo moja, kinatumika kuwekea mtungi wa gesi. Nilipomwambia akiweke sebuleni akaniuliza, "Dada, wageni watanionaje?"

Najua kinachofuata. "Umekula mkate wa Wazungu, sasa unakuja kutufundisha kupenda umaskini." "Rudi wewe ukapigie nguo pasi ya mkaa." Tulieni. Sijamwambia mtu yeyote aache pasi ya umeme, na kama umeme haujakatika nashangaa hiyo ya mkaa mmeitoa stoo ya nini. Naijua ile pasi. Najua kuipepea, najua majivu yanavyotua kwenye kola dakika ya mwisho, kengele ya shule inalia. Jirani yangu anaweza kuipandia maua kwa sababu haijawahi kumchoma. Hilo nimelifikiria kabla yenu.

Mwingine atasema sisi hatuna nafasi ya mambo hayo, kitu kikishakuwa cha zamani ni cha kutupa. Hapo ndipo nakataa kabisa. Sisi? Taifa linalochambua mitumba soko la Karume, Dar, alfajiri, na anayewahi fungu la kwanza ndiye mjanja? Mwenye duka la mafriji akikuambia "hii ni used ya Ulaya" si anaongeza bei, na wewe si unalipa ukitabasamu? Kochi la Mzungu aliyehama linagombaniwa na watu watatu kabla halijashuka kwenye gari. Kwa hiyo tusidanganyane, vitu vya zamani tunavipenda mno. Visivyotufaa ni vya zamani vya kwetu, ambavyo mwenyewe tunamjua kwa jina na kijiji.

Na msidhani watu wa huku walizaliwa na akili hii. Miaka ya 1950 na 1960 walipigilia mbao bapa za kiwandani juu ya milango yao ya kale yenye nakshi, ili ionekane ya kisasa. Kati ya 1965 na 1974 nchi ilijenga makazi yapata milioni moja, watu wakahamia kwenye maghorofa yenye jiko jipya, na makabati mengi ya bibi yakaishia kupasuliwa kuni. Wajukuu ndio wanaong'oa misumari ile sasa, polepole, wakiomba mlango wa chini usiwe umeharibika. Aibu tunayoiona sisi waliiona nao, ila wao walitangulia kutoka upande wa pili.

Lakini nao wasivimbe kichwa. Majira haya yakifunguka barabara zinajaa vibao vya kuandikwa kwa mkono: LOPPIS, yaani mauzo ya vitu vilivyotumika, mshale, na kwenye ghala lililokuwa la majani ya ng'ombe unakuta meza zimejaa vikombe, vinara, fremu, mashuka ya kitani. Jirani alininunulia taulo ya jikoni yenye herufi mbili zilizotariziwa kwa uzi mwekundu pembeni. Nikamuuliza ni za nani. Hajui. Ni binti fulani aliyetarizi vyombo vyake vya kuolewa, akazeeka, akafa, watoto wake wakauza kila kitu mnadani uwanjani kwake. Damu yake yenyewe haikuitaka taulo. Inapendwa na watu wasiomjua. Ndipo nikatembea kifua mbele hadi nyumbani. Tausi wa mama yangu ninawajua. Najua uzi uliishia wapi na kwa nini jicho la mmoja ni la bluu.

Jambo jingine linalonichoma ni vikapu. Vikapu vyetu vya Iringa, vya nyasi za milulu, vile ambavyo akina mama wanasuka na kuvipanga kando ya barabara, nimevikuta kwenye duka la vyombo Stockholm. Vimetiwa mikate, vitunguu, mitungi ya maua. Bei sitaitaja, maana aliyekisuka akiisikia atadhani namtania. Wateja wanavishika kwa heshima, wanavigeuza, wanatafuta alama ya mkono. Sasa niambie, ni nyumba ngapi za Dar zina kikapu cha milulu sebuleni? Kipo, lakini kimebebea nyanya, kinaningʼinia mlangoni mwa jiko. Ndoo ya plastiki imekaa mahali pa chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, na vyungu vyenyewe bado vinauzwa kwao Matema kila wiki.

"Kwa hiyo unataka tugeuze nyumba zetu makumbusho?" Hapana. Nyumba ya jirani yangu inapita kiasi, kuna siku nakosa pa kuweka kikombe kwa wingi wa vinara. Mchwa wetu nao nawajua, na vumbi la kiangazi, na panya, na fundi atakayekuja kurekebisha mguu wa meza akaondoka na msasa. Naomba kidogo tu. Sikukuu ikifika, mnapopaka rangi na kubadilisha mapazia kama tulivyozoea, toeni kitu kimoja stoo. Kimoja. Bibi yangu alikandika ukuta kwa udongo mwekundu chini na mweupe juu kila mwisho wa mwaka, mstari umenyooka bila rula, na hakuna aliyempiga picha. Leo hoteli za kitalii zinalipa mbunifu achore mstari huohuo.

Mdogo wangu nimemtumia haya ayasome kwanza, asije kusema nimemwanika. Amejibu kwa sauti, ya dakika nne: "Vitambaa nitakutumia vyote, dada. Lakini nani atavitia wanga? Mimi natoka kazini saa moja, nafika saa tatu usiku, foleni ya Mbagala unaijua. Mama alikuwa na jioni, mimi sina." Hapo kanibana, sikatai. Nimemwambia atume vitambaa, nitavitia wanga mwenyewe. Kigoda akitoe chini ya mtungi wa gesi akiweke sebuleni, na mgeni atakayekicheka anipe namba yake ya simu.